Mradi Umekwama, Nimepewa Wiki Tatu za Kuukagua

Barua tatu za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wasiofahamiana, lakini zote zinahusu hali moja: mradi ulioanza kwa matumaini, ukachelewa, ukaanza kula fedha kuliko ilivyopangwa, na sasa wakubwa wameagiza ukaguliwe. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu majibu ya zile nyingine mbili yanaiegemea.

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mshauri, mwajiri wangu ameniteua niongoze ukaguzi wa mradi wa mfumo wa kompyuta unaotakiwa kuunganisha kumbukumbu za idara sita. Mradi ulipangwa kuchukua miezi 18, na sasa tumemaliza mwezi wa 14. Taarifa za kila mwezi zinasema umefikia asilimia 80, lakini hakuna idara hata moja inayoutumia, tarehe ya kuanza imeahirishwa mara tatu, na mkandarasi na watu wetu hawaelewani tena. Mimi sikuwamo katika mradi huu tangu mwanzo. Nimepewa wiki tatu. Naogopa kuonekana askari aliyekuja kukamata watu, na naogopa vilevile kutoka na ripoti nene isiyobadilisha lolote. Nianzie wapi?

JIBU

Ndugu msomaji, hofu zako zote mbili zina msingi, na dawa yake huanza kabla hujafungua jalada hata moja. Rudi kwa aliyekuteua, muandike pamoja hadidu za rejea zisizozidi ukurasa mmoja. Zitaje swali unalopaswa kulijibu, ambalo kwa maoni yangu liwe hili: mradi umefika wapi hasa, nini kinauzuia, na je, unaweza kukamilika kwa gharama na muda ambao taasisi inaweza kuubeba? Zieleze kwamba utaruhusiwa kuona mkataba, hati za malipo, mihutasari ya vikao na mfumo wenyewe, na kwamba utazungumza na mtu yeyote bila mkubwa wake kuwapo. Zimtaje atakayeipokea ripoti na siku atakayoitolea uamuzi. Kisha ziseme wazi kwamba pendekezo la kuusimamisha mradi linaruhusiwa. Mkaguzi aliyekatazwa neno hilo, hata kwa kudokezwa tu, hujikuta akiipinda kila hesabu ielekee kwenye jibu la kuendelea.

Katika ukurasa huohuo tenganisha kazi yako na ile ya kutafuta mkosaji. Ukikuta dalili za wizi au udanganyifu, zikabidhi kwa wanaohusika na mambo hayo nawe uendelee na yako. Nasisitiza hili kwa sababu taarifa unayoihitaji kuliko zote, yaani ni kipi hakijakamilika, imo vichwani mwa watu walewale wanaodhani umekuja kuwahukumu. Mtu anayejiona yuko kizimbani atakujibu maswali yako kwa ukweli usio na manufaa.

Omba jambo moja zaidi: kwa wiki hizo tatu pasikubaliwe ombi lolote jipya la kuongeza kazi, na pasitangazwe tarehe mpya ya kuanza. Huwezi kupima urefu wa kamba inayoendelea kuvutwa.

Sasa tuingie kwenye hiyo asilimia 80, maana hapo ndipo penye uzito wote. Muulize aliyeiandika aliipataje. Mara nyingi utagundua kwamba ni moja kati ya mambo matatu: ama ni sehemu ya muda uliopita, ama ni sehemu ya fedha iliyotumika, ama ni makadirio ya kila mtu kuhusu kazi yake mwenyewe yaliyojumlishwa na kugawanywa. Katika mradi wako, miezi 14 kwa 18 ni takriban asilimia 78, na sitashangaa fedha nazo zikiwa karibu na hapo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema lolote kuhusu kazi iliyokamilika.

Kuna njia ya kupima ambayo imetumika rasmi tangu mwaka 1967, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipoanza kuwadai wakandarasi wake wakubwa waifuate. Msingi wake ni mwepesi. Gawa mradi mzima katika kazi ndogondogo, kila moja uipe thamani yake kutoka katika bajeti ya awali, kisha jumlisha thamani ya zile zilizokamilika peke yake. Tuseme bajeti nzima ni sehemu 100, na kufikia leo ilipangwa zikamilike kazi zenye thamani ya sehemu 78. Umepita kazi moja baada ya nyingine, ukakuta zilizokamilika zina thamani ya sehemu 44, ilhali matumizi yamefika sehemu 80. Gawa 44 kwa 80, unapata 0.55, maana yake kila sehemu moja ya fedha imezaa kazi ya zaidi kidogo ya nusu sehemu. Mwendo huo usipobadilika, mradi uliokadiriwa kugharimu sehemu 100 utamalizika kwa sehemu 182 hivi, yaani 100 kugawanywa kwa 0.55. Hii ndiyo namba ya kwanza ambayo wakubwa wako wanapaswa kuiona, na pengine hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

Hesabu hiyo itaharibika ukikubali neno “karibu”. Kazi iliyo “asilimia 90” mwezi huu ilikuwa “asilimia 90” mwezi uliopita, na itakuwa hivyo mwezi ujao, kwa sababu kipande kilichobaki ndicho kigumu na hakuna aliyekipima. Kwa hiyo tumia kanuni kali: kazi ama imekamilika, ikajaribiwa na kupokelewa na atakayeitumia, na hivyo inahesabiwa yote; ama haijakamilika, na inahesabiwa sifuri. Watu watalalamika kwamba unawadhulumu jasho lao. Waeleze kwa upole kwamba hupimi jasho, na kwamba kazi yoyote inayoonekana kuonewa na kanuni hii inaweza kugawanywa katika vipande vya wiki moja au mbili, ili kilichokwisha kionekane.

Wala usipime kwa kusoma makaratasi. Mchukue karani wa idara mojawapo, anayeifanya kazi hiyo kila siku, umketishe mbele ya mfumo na kumbukumbu moja halisi, kisha umwombe aiingize, airekebishe, aitafute kutoka idara nyingine na kuichapisha. Kaa kimya, uandike kila anapokwama. Nusu siku ya namna hii hufundisha kuliko majalada ya mwaka mzima. Niliwahi kukagua mradi ambao sehemu zake zote zilikuwa na hati za kupokelewa zilizotiwa saini, lakini kumbukumbu moja haikuweza kutoka sehemu ya kwanza hadi ya mwisho bila mtu kuiandika upya kwa mkono katikati ya safari. Kila sehemu ilikuwa imekaguliwa peke yake, na hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kuangalia zinavyounganika.

Mazungumzo na watu uyafanye faraghani, mmoja mmoja, ukianzia kwa wanaofanya kazi kwa mikono yao na kumalizia kwa wakuu. Maswali matatu yanatosha kuwa nguzo: kwa imani yako mwenyewe mradi huu utakamilika lini, nini kimekuzuia wiki hii, na ni uamuzi gani unausubiri na tangu lini? Majibu ya swali la kwanza yapange kwenye mstari mmoja. Ikiwa tarehe rasmi ni miezi minne ijayo, wakuu wanasema sita, na wanaoandika programu wanasema kumi na nne, basi umbali kati ya majibu hayo ni tokeo la ukaguzi kwa haki yake yenyewe: unaonyesha ni ngazi ipi ambayo habari mbaya huishia njiani.

Majibu ya swali la tatu yatakupeleka, naamini, kwenye kiini. Mradi unaounganisha idara sita hukwamishwa na maamuzi zaidi ya mitambo. Kila idara ina namna yake ya kutoa namba za kumbukumbu na ya kuandika majina, na kila moja ina jibu lake kuhusu nani anaruhusiwa kusahihisha nini. Mkandarasi hawezi kuamua namba ya idara ipi itakuwa ndiyo namba ya wote. Akiamua mwenyewe, kazi itakataliwa siku ya kupokelewa, na akisubiri, miezi inapita. Tengeneza orodha ya maamuzi yote yanayosubiriwa, kila moja likiwa na siku lilipoombwa, anayepaswa kulitoa, na kazi zilizosimama kwa ajili yake. Nimeona orodha kama hiyo ikinyamazisha kikao kizima, kwa sababu waliokuwa wakimlaumu mkandarasi waliyakuta majina yao kwenye safu ya kati. Soma vilevile mkataba sambamba na mihutasari ya vikao, uhesabu kazi za nyongeza zilizokubaliwa kwa mdomo bila kugusa bajeti wala tarehe. Hapo ndipo ugomvi wa mkandarasi na watu wenu ulipoanzia, kama sikosei sana.

Kuhusu hofu yako ya ripoti isiyobadilisha lolote, iandike fupi. Kurasa tano zinawatosha waamuzi, na ushahidi mwingine uwe kiambatisho. Ionyeshe hali halisi kwa namba, sababu tatu au nne zilizozaa hali hiyo, na njia zinazowezekana pamoja na gharama ya kila moja, ikiwamo ile ya kusimama. Kabla hujaiwasilisha, wasomee matokeo watu wa mradi na mkandarasi wakiwa pamoja, wakusahihishe penye kosa la ukweli. Hawatapenda kila neno, lakini hawatashtukizwa mbele ya wakubwa, na mpango mpya utawahitaji haohao.

Mpango huo mpya usiuandike wewe. Kazi yako ni kuweka masharti: tarehe zitolewe na watakaofanya kazi, maamuzi yaliyosubiriwa yatolewe kwanza, na kitu cha kwanza kitakachokabidhiwa kiwe kidogo lakini kizima, kwa mfano idara mbili zinazobadilishana kumbukumbu kweli, mwanzo hadi mwisho, ndani ya wiki sita au nane. Mafanikio ya uwanja wa ndege wa Denver, Marekani, yalitokana na ujasiri wa kupunguza. Uwanja huo ulipangwa kufunguliwa mwezi Oktoba 1993, ukazuiwa na mtambo wa kujiendesha wa kusafirisha mizigo ya abiria ambao ulirarua mabegi na kuyapoteza mbele ya waandishi wa habari. Mwaka 1994 meya wa mji aliwaita washauri kutoka Ujerumani, Logplan, waukague mtambo huo. Baada ya ukaguzi wao ilijengwa njia ya kawaida ya mikanda na mikokoteni pembeni ya mtambo, na uwanja ukafunguliwa tarehe 28 Februari 1995, miezi 16 baada ya tarehe ya kwanza. Mtambo wenyewe ulibaki ukitumika kwa sehemu ndogo tu hadi ulipozimwa mwaka 2005. Swali la ukaguzi lilikuwa limehama kutoka “mtambo utapona lini” hadi “uwanja unahitaji nini ili ndege ziruke”, na kila mkaguzi anapaswa kulitafuta swali la aina hiyo katika mradi wake.

SWALI LA PILI

Ndugu Mshauri, mimi ni meneja wa mradi unaokaguliwa. Bado wakaguzi hawajamaliza, lakini bodi imekwisha kuniambia kwamba itaniongezea watu kumi kwenye timu ya watu kumi ili tufidie muda. Naona aibu kukataa msaada, ingawa moyo wangu unasita. Nifanyeje?

JIBU

Moyo wako unasita kwa haki. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu endeshi ya OS/360 katika kampuni ya IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu zake ni za kawaida kabisa. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni walewale wachache wanaoijua kazi, ambao kwa muda huo wataiacha. Mawasiliano nayo hupanuka kwa kasi kuliko idadi ya watu: kumi wana jozi 45 za kuzungumza, ishirini wana jozi 190.

Hata hivyo usiijibu bodi kwa neno “hapana” peke yake, kwa kuwa itaonekana kiburi, nao wanatafuta kwa nia njema namna ya kukusaidia. Waombe wasubiri matokeo ya ukaguzi, na wakati huohuo wape orodha ya misaada ambayo haina gharama ya kufundisha: mtu mmoja mwenye mamlaka ya kutoa maamuzi ndani ya siku mbili, msaidizi wa kukuondolea taarifa na vikao visivyohusu kazi, na wataalamu wawili au watatu wa jambo mahususi ambalo ukaguzi utalibaini.

Tovuti ya serikali ya Marekani ya bima ya afya, HealthCare.gov, iliokolewa kwa namna inayofanana na hiyo. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, na siku ile ya kwanza waliofanikiwa kujisajili kwenye bima walikuwa watu sita tu. Kundi dogo la wahandisi kutoka nje lilikuja, na mengi waliyoyafanya yalikuwa ya utaratibu: waliweka vipimo vya kuonyesha mfumo unavyokwenda saa kwa saa, kwa kuwa kabla ya hapo timu zenyewe hazikuwa na picha hiyo, na wakaanzisha vikao vifupi vya kila siku ambamo anayelijua tatizo ndiye aliyezungumza, hata kama mwenye cheo kikubwa alikuwapo. Mwanzoni mwa Desemba mwaka huohuo ukurasa uliokuwa ukichukua sekunde 8 kufunguka ulifunguka chini ya sekunde 1. Nakuomba uanze vikao vya namna hiyo kesho, usisubiri ripoti. Wakaguzi wakikukuta umekwisha kuanza, watakuona mshirika wao.

Na jambo la mwisho kwako, ambalo najua ni zito kwa mtu aliye katika nafasi yako: mpe mkaguzi mwenyewe orodha ya makosa unayoyajua, siku ya kwanza, pamoja na yale yaliyotokana na uamuzi wako. Atayapata kwa vyovyote. Akiyapata kwako, neno lako kuhusu mengine yote litaaminika.

SWALI LA TATU

Ndugu Mshauri, ukaguzi wetu umekwisha na ripoti ni mbaya. Wakurugenzi wamegawanyika: wengine wanataka mkandarasi na wasanifu wote waondolewe mara moja, wengine wanataka mradi ufungwe, na wengine wanasema tumekwisha kutumia fedha nyingi mno kuweza kurudi nyuma. Nani ana hoja?

JIBU

Ninaanza na wa mwisho, kwa kuwa hoja yao ndiyo yenye hatari kubwa. Fedha iliyokwisha kutumika haitarudi mkiendelea wala mkisimama, kwa hiyo iondoeni kabisa mezani. Linganisheni vitu viwili tu: kiasi ambacho bado kinahitajika kuanzia leo hadi mwisho, kwa kutumia mwendo halisi uliopimwa na ukaguzi, na manufaa yatakayopatikana kwa kiasi hicho. Kama mngepewa leo nafasi ya kuununua mradi huu jinsi ulivyo kwa gharama hiyo iliyobaki, na msingeununua, basi wanaotaka ufungwe wana hoja. Mkiufunga, fungeni kwa utaratibu: okoeni michoro, data na vifaa vinavyoweza kutumika kwingine, na walipeni watu haki zao.

Wanaotaka kuwaondoa wote mara moja ningewaomba wautazame uwanja wa ndege wa Berlin Brandenburg, Ujerumani. Ulikuwa ufunguliwe tarehe 3 Juni 2012, ukaahirishwa zikiwa zimebaki wiki nne hivi kwa sababu mfumo wa kujikinga na moto na moshi haukuwa tayari. Mara baada ya hapo wasanifu waliokuwa wakisimamia kazi walikatishiwa mkataba, na ujuzi wa kilichokuwa kimefungwa ndani ya kuta na dari ukaondoka nao. Waliofuata walilazimika kuanza kwa kuorodhesha jengo zima, na orodha ya kasoro ikapita 60,000, kubwa na ndogo zikiwa pamoja. Uwanja ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020. Sisemi kwamba waliokosea waachwe wasiwajibike. Nasema kwamba siku ya kumwondoa mtu ipangwe baada ya anachokijua kuwa kimeandikwa, kimeonyeshwa kwa vitendo na kupokelewa na mwingine anayeweza kuendelea nacho.

Kwa hiyo, kabla ya kikao chenu kijacho, mwagizeni mkaguzi awaletee namba moja ambayo sijaiona katika barua yako: gharama ya kukamilisha kilichobaki. Na muulizeni mkandarasi ni watu gani wake wasioweza kukosekana katika wiki nne za kwanza. Mkiwa na majibu hayo mawili mnaweza kupiga kura.